Glasi Isiyofika Mdomoni

Baba alikuwa ukutani kabla mimi sijazaliwa. Alikuwa kwenye kuta za baa za Mombasa, kwenye kalenda za madukani na kwenye vibao vya bati kando ya barabara ya kwenda Voi, amevaa jezi ya kijani ya kipa na glavu mkono mmoja tu. Mkono wa pili, usio na glavu, ulishika glasi ya bia yenye povu. Chini ya picha paliandikwa maneno mawili: "Hii haiponyoki." Alikuwa ndiyo kwanza amestaafu mpira, na watu walikuwa bado wanaikumbuka mikono yake.

Haya yote niliambiwa. Mimi mwenyewe sikuliona tangazo lile hadi majira haya ya kuchipua, ndani ya ukumbi mmoja wa Saint Paul, huku Marekani, na hata siku hiyo sikuweza kulitazama vizuri. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa baba mwenyewe, ule uliozeeka, maana ulikuwa umeshika glasi nyingine.

Nieleze kwanza hofu yenyewe. Baba alikunywa miaka mingi. Alikunywa tukiwa Changamwe, na tulipohamia Brooklyn Park, mimi nikiwa wa darasa la sita, alikuja na pombe yake kama mtu anavyokuja na ugonjwa wa sukari. Hakuwa mlevi wa kelele. Alikuwa mlevi wa peremende. Ukisikia harufu ya mnanaa sebuleni ulijua, na ulipunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa. Mama alikuwa akimpokea mlangoni kwa neno moja.

"Pumua."

Baba alipumua. Mama alinusa, kisha akampisha, au hakumpisha.

Halafu alikamatwa akiendesha gari kule Crystal, mchana kweupe. Jimbo hili likikuta umelewa kwenye usukani linaweza kuchukua namba za gari lako na kukupa nyingine zinazoanza na herufi W, nyeupe tupu, zisizo na ile picha ya ziwa iliyo kwenye namba za wengine, ili polisi na kila mwenye kujua ajue. Kanisani waliojua wakajua, wakawa wanaegesha mbali kidogo. Asiyejua alikuwa mama mmoja wa kutoka Kongo ambaye hakuwa amemaliza hata msimu mmoja wa baridi hapa. Alimfuata baba kwenye maegesho, akagusa namba zile nyeupe, akamuuliza kwa adabu, "Papa, plaque kama hii wanaiombaka wapi? Naona ni ya bakubwa."

"Mama," baba akamjibu, "omba usipewe."

Tangu siku zile hajanywa. Yeye ndiye anayesema hivyo. Kanisani alisimama akatoa ushuhuda, watu wakapiga makofi, mama akalia. Mimi nilikaa nikiutazama mkono wake wenye kipaza sauti, nikiangalia kama unatetemeka. Nimesoma chuo kikuu hapa, na katika yote niliyofundishwa kilichobaki ni tabia ya kuuliza: umejuaje? Ukimpenda mtu aliyekuwa mlevi, swali hilo unalala nalo, unaamka nalo.

Baba anafanya kazi katika nyumba ya kulea watu wazima wenye ulemavu, kule Champlin. Mmoja wa wanaolelewa pale ana kaka yake, mzee mrefu, mwalimu mstaafu, anayekuja kumtembelea kila wiki. Mzee huyu anakusanya matangazo ya zamani ya bia. Wapo wengi wa namna yake mjini hapa. Wanakusanya vibao, sinia, vioo vyenye maandishi ya dhahabu, taa za baa zilizofungwa zamani. Yeye hupenda hasa matangazo yenye wanamichezo waliostaafu. Siku moja, akiwa anamsaidia yule anayelelewa kula supu mbele ya kaka yake, baba akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kanisani wala mahali pengine popote hapa.

"Mimi pia niliwahi kuwa kwenye tangazo."

Mzee hakucheka. Alirudi kwake akalitafuta mtandaoni, akalitafuta msimu mzima wa baridi, akalipata kwa muuzaji mmoja wa Uingereza. Wiki bango hilo lilipomfikia, alimwonyesha baba picha yake kwenye simu.

Baba alirudi nyumbani jioni ile akasimama mlangoni bila kuvua koti. "Mama," aliniambia. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Wamenipata."

Nilidhani ni uhamiaji. Moyo wangu ulienda mbio mpaka alipoanza kueleza, na alipomaliza kueleza ukazidi. Kila mwaka, barafu ikianza kuyeyuka, wakusanyaji hukutana Saint Paul kwa maonyesho. Huwaalika wastaafu wachache waliomo kwenye matangazo, kila mmoja akae karibu na bango lake, atie sahihi, kisha apigwe picha ameshika glasi kama alivyoishika wakati ule. Mwaka huu walimtaka baba.

Tulijadiliana mezani.

"Utaenda kufanya nini huko?" mama alimuuliza.

"Kujiona."

"Kioo kipo bafuni."

"Cha bafuni hakina nywele zile."

Mama hakucheka, ingawa niliona mdomo wake umejizuia. Nyumbani hatukuwa na hata nakala moja ya tangazo lile. Kalenda ya mwisho mama aliiwashia jiko la makaa Changamwe, wali ukaiva. "Iliwaka vizuri," husema kila inapotajwa, na baba huangalia pembeni.

"Kutakuwa na bia," nilisema.

"Ni maonyesho ya bia, mama. Ulitaka kuwe na uji?"

"Basi nimwandikie huyo mzee. Nimwambie tu kwamba hunywi, wasikumiminie."

Baba aliweka kijiko chini. "Usinitangulizie habari zangu," alisema. "Zikitakiwa kusemwa nitazisema mimi."

Aliniomba niahidi, nikaahidi. Mama alikuwa na shifti siku hiyo, na hata asingekuwa nayo asingekwenda. "Mimi nilishamwona ukutani," alisema baadaye tukiwa wawili tukiosha vyombo. "Wewe mpeleke. Lakini usimwache peke yake hata akienda kujisaidia." Nikamwambia siwezi kumfuata mzee msalani. "Basi simama mlangoni," akasema.

Wiki zile za kungoja nilifanya ninachofanya ninapoogopa, yaani utafiti. Niliketi na kompyuta nikatazama matangazo ya zamani ya bia ya Marekani, moja baada ya jingine: wacheza besiboli wenye vitambi, mabondia wenye pua zilizopinda, waigizaji ambao hakuna tena anayewaita, wote mezani wakibishana kwa mzaha. Nikajiuliza kwa nini wastaafu. Nikasoma kwamba huku, kwa muda mrefu, mchezaji aliye bado uwanjani hakutakiwa kuonekana akitangaza bia, watoto wasije wakamwiga. Akistaafu, ruksa. Kana kwamba siku unapovua viatu watoto wanaacha kukutazama. Mimi nilikuwa mtoto wa mstaafu, na nilimtazama sana.

Kisha nikaona jambo jingine, na nilipoliona mara moja sikuweza tena kutoliona. Hakuna aliyekuwa anakunywa. Glasi ilipanda, ikafika karibu na kidevu, picha ikakatwa. Iliporudi, bia ilikuwa imepungua na mtu anafuta masharubu. Nilirudisha nyuma, nikasimamisha, nikatazama upya. Hakuna koo lililomeza.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Kama tangazo ni uongo, basi na glasi ya baba inaweza kuwa ya uongo. Nikaanza majaribio jikoni. Juisi ya tufaha ilikuwa na rangi nzuri lakini haikuwa na povu. Nilitia tone la sabuni ya vyombo, povu likaja zuri kuliko la bia yenyewe, nikamwaga. Nikajaribu ute wa yai uliopigwa, nikauweka juu ya juisi iliyochanganywa na soda nyeupe. Mama aliingia akanikuta nimeinua glasi dirishani.

"Unapika nini?"

"Bia."

Alinitazama, akatazama maganda ya mayai. "Miaka yote ile ya chuo," alisema, akatoka.

Siku ilipofika niliitia bia yangu ndani ya chupa ya chai, ute wa yai kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko, vyote nikavifunga ndani ya mkoba. Baba alivaa suti ya kanisani. Alikuwa amenyoa mpaka kidevu kinang'aa. Tukashika barabara ya 694. Theluji iliyobaki pembeni ilikuwa nyeusi kama makaa yaliyozimwa, na mimi nilikuwa naendesha kwa mikono miwili kama mwanafunzi.

"Baba," nilianza, "umewahi kugundua kwamba hawanywi?"

"Nani?"

"Watu wa kwenye matangazo ya huku. Glasi inafika hapa," niliachia usukani mkono mmoja nikagusa kidevu, "halafu wanakata."

"Shika usukani."

Nikashika.

"Kwa nini wanakata?" akauliza.

"Ndivyo walivyokubaliana na watu wa televisheni. Unaweza kuishika, kuisifu, kuiimbia. Kumeza, hapana."

Tukavuka Mississippi. Maji yalikuwa yamejaa, vipande vya barafu vikielea.

"Sisi tulimeza," alisema.

Nilijua kwamba nikiuliza sasa atanyamaza.

"Walinipeleka Nairobi. Kulikuwa na picha za ukutani, na kulikuwa na ile filamu fupi ya kuonyeshwa sinema. Wamepanga baa ya uongo, meza, viti, taa zinachoma kama jua la saa saba. Mimi na waigizaji wawili wa Nairobi, wao wanajifanya rafiki zangu. Mkubwa wa kiwanda alikuja mwenyewe. Mtu mzima, mvi mpaka kwenye nyusi. Hakumwachia mtu chupa. Alinimiminia kwa mkono wake, akisema povu lina mwenyewe."

"Na ukanywa."

"Subiri. Chini ya meza kulikuwa na ndoo. Kila mara mwelekezi akisema basi, wale wawili wanainama, wanatema. Nikawaonea huruma. Nikasema moyoni, watu wa Nairobi hawa, matumbo yao mabovu."

Nilicheka bila kutaka. Naye akacheka kidogo, akitazama mbele.

"Hukujua ndoo ni ya nini?"

"Ningejuaje? Mimi ni kipa. Na hata ningejua, mama. Mtu mzima amekumiminia kwa mkono wake, kasimama pale anakutazama. Utamtemea?"

"Kwa hiyo ukamaliza."

"Nikamaliza. Wakasema turudie, mwanga haukukaa. Akamimina, nikamaliza. Kutwa nzima. Mwelekezi akawaambia wenzangu, mtazameni huyu, huyu ni mtu wa kazi. Nikajiona kama nimeokoa penalti."

Hadithi ilinipendeza mno, na hadithi inayonipendeza huwa naitilia shaka kwanza. Mtu aliyeponzwa na adabu zake: nani asingependa baba wa namna hiyo?

"Mama anasema ulianza kabla ya hapo," nilisema.

Nilidhani atakasirika. Alishusha kioo kidogo, hewa baridi ikaingia, akakipandisha tena.

"Mama yako hasemi uongo. Nilikuwa naonja. Harusini, matangani, hapa na pale. Siku ile ndiyo nilijua."

Hakusema alijua nini.

Ukumbi uliniogopesha kwa harufu kabla ya kitu kingine. Haikuwa harufu kali, ilikuwa ile ya zulia la baa asubuhi. Meza zilijipanga kutoka mlango hadi mlango, zimejaa vibao na sinia. Juu yake taa za rangi ziliwaka, na kati yao wazee wenye kofia zilizojaa beji wakiinama kusoma tarehe nyuma ya vioo. Kwenye pembe mbili kulikuwa na mapipa yenye bomba, na mtu akipita tu anakingiwa kikombe. Bure. Nilipima kwa macho umbali kutoka kila pipa hadi msalani. Pipa moja lilikuwa karibu kabisa na mlango wake.

Mwenyeji wetu, yule mwalimu mstaafu, alikuja akamshika baba mikono yote miwili, akampeleka kwenye meza yake. Na bango lilikuwa pale, kwenye kiegemeo kama cha mchoraji, bati lenye kutu kwenye pembe moja.

Baba alisimama mbele yake kama mtu anayesubiri kuitwa. Kijana wa kwenye bati alikuwa na shingo nene na nywele nyingi zilizochanwa juu, na kicheko cha mtu ambaye bado hajajua lolote. Baba alimtazama kwa muda mrefu. Mwishowe alisema kwa Kiswahili, kama anamwambia yule kijana, "Ile glavu nyingine ilipotea palepale. Nimeitafuta sana."

"Imeandikwa nini?" mwenyeji aliuliza kwa Kiingereza chake cha upole. Alikuwa amelitafuta bango msimu mzima bila kujua linasema nini.

Baba akamfasiria. Mzee alicheka kwa furaha, akawaita wenzake, akawarudishia maneno yale. Pembeni yetu alikuwa amekaa mstaafu mwingine, mzee aliyecheza mpira wa magongo wa barafuni, pua imevunjika zaidi ya mara moja, na nyuma yake bango lake mwenyewe, yeye na wenzake watatu wakicheka baani. Mbele yake alikuwa na glasi iliyofika nusu. Alimpa baba mkono, wakalinganisha vidole vilivyopinda, wakasifiana. Kwa muda baba akatia sahihi kwenye kadi za watu waliokuwa hawamjui kabisa, kwa mwandiko wa polepole, na mimi nikaanza kupumua.

Halafu mpiga picha akaja.

Mwenyeji aliinama chini ya meza akatoa glasi ya umbo lilelile la kwenye bango. Alikuwa ameitafuta hiyo pia, na kwa macho yake niliona ni zawadi. Nikaingiza mkono mkobani, nikaishika chupa yangu ya chai, nikatafuta namna ya kusema "tumia hii" bila kusema kwa nini. Kabla sijapata maneno, mzee alikuwa amekwenda kwenye pipa na kurudi na jagi. Akainamisha glasi, akamimina mwenyewe, taratibu, akingoja povu litulie. Nywele zake zilikuwa nyeupe mpaka kwenye nyusi.

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama nyusi zile.

Alipokea glasi kwa mkono wa kulia, akasimama karibu na bango, akacheka. Picha ikapigwa. Ikapigwa nyingine. "Sasa kunywa," mtu mmoja alisema, na wengine wakainua vikombe vyao, wakangoja, kama watu wanavyomngojea mgeni wa heshima. Glasi ilipanda. Ilifika kwenye kidevu. Nakumbuka niliwaza, kateni, mtu akate, lakini hapakuwa na wa kukata. Povu lilimgusa mdomo wa juu.

Akaishusha. Akamgeukia mwenyeji, akaishika glasi kwa mikono miwili, akampa.

"Kwetu," alisema kwa Kiingereza, "aliyemimina huonja kwanza. Mgeni ajue haina sumu."

Hilo si uongo. Bibi yangu hakukupa hata maji kabla hajayaonja. Mzee alifurahi kama mtoto. Akanywa kidogo, akataka kurudisha, baba akatikisa kichwa, "Hapana, vizuri, hakikisha," na wenzake wakapiga meza, "Hakikisha, hakikisha," mpaka mzee akamaliza yote, akafuta mdomo, watu wakashangilia. Nikaona baba ameshinda, kwa mila, bila kumvunjia mtu heshima na bila kusema neno la habari zake.

Na mzee, ambaye sasa alikuwa ameonja, akachukua jagi akamimina tena.

Mila ile haina jibu la pili. Ukishaonjeshwa, zamu ni yako. Glasi ilirudi mkononi mwa baba imejaa, na nyuso zilezile zikamngoja, zenye upendo zaidi kuliko mwanzo. Bia kidogo ikamwagikia kidole.

"Mimi ni mlevi," alisema.

Hakuinua sauti. Aliisema kama mtu anavyosema ni fundi au ni dereva. Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha.

"Niliacha. Nikianza siachi." Akalionyesha bango kwa kidevu. "Lile halikusema uongo." Akaiweka glasi mezani polepole sana, akaichukua leso akafuta kidole chake, kila upande.

Mwenyeji alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alisema samahani, akaisema tena, akasema angejua. Baba akamwambia asingeweza kujua. Mtu akataja kahawa, na wote wakaitafuta kahawa kwa pamoja, kama kitu kilichopotea. Yule mzee wa magongo alinyoosha mkono, akaivuta glasi yake na ile ya baba, akazisogeza zote mbili upande wake wa mbali, nyuma ya bango lake, zisionekane. Kisha akarudi kuzungumzia vidole.

Baba alikunywa kahawa, akatia sahihi nyuma ya bati kama alivyoombwa. Halafu akasema anakwenda msalani.

Sikumfuata. Nilikuwa nimemwona dakika chache nyuma akifanya jambo ambalo mimi nisingeweza, na niliona aibu kumlinda. Nikabaki nikiangalia mlango, na pipa lililokuwa karibu nao, na watu waliokuwa wakisimama mbele ya pipa na kulificha. Alikawia. Au hakukawia, sijui. Hofu haina saa. Alipotokea, mikono yake ilikuwa na maji na mdomo wake ulikuwa unatafuna.

Ndani ya gari niliisikia kabla hajafunga mkanda. Mnanaa.

Harufu ile ilinirudisha sebuleni, nikipunguza sauti ya televisheni. Niliwasha gari.

"Kulikuwa na bakuli la peremende pale mezani," alisema.

Mtu asiyeulizwa akijibu, ndipo mimi huanza kuuliza. Njia nzima nilijaribu kuiona meza ile kichwani. Kalamu zilikuwepo. Kadi, kikombe cha kahawa, leso iliyokunjwa. Bakuli je? Nililiweka, nikaliondoa. Kama alikuwa amekunywa, basi maneno yale mbele ya watu yalikuwa nini? Na kama hakuwa amekunywa, mimi ni mtu wa namna gani, niliyesikia ukweli kwa masikio yangu na bado natafuta bakuli? Baba alilala, au alifumba macho. Mikono yake ilikuwa magotini, imefunguka, kama ya kipa anayepumzika mpira ukiwa upande wa pili.

Mama alikuwa amerudi kutoka kazini. Alitufungulia akiwa bado na sare yake na soksi za kubana. Alimtazama baba, akanitazama mimi, na uso wangu nadhani ulimwambia zaidi ya nilivyotaka. Akasimama katikati ya mlango.

"Pumua," alisema.

Sikuwa nimelisikia neno lile tangu siku za namba za W. Baba hakulalamika. Aliinama, maana mama ni mfupi, akapumua polepole usoni mwake. Mama alifumba macho.

"Peremende," alisema.

Akanusa tena.

"Na kahawa mbaya."

Akampisha. Baba akaingia, akavua viatu, akaenda kukaa mezani kwa suti yake.

"Umejuaje?" nilimuuliza mama kwa sauti ya chini.

"Bia haikai chini ya peremende. Inakaa juu yake." Alinichukulia mkoba begani, akashtuka uzito wake. "Na hii ni nini?"

"Ni bia yangu."

Alitoa chupa ya chai, akaifungua, akanusa, akanitazama. Kwa mara ya kwanza siku ile nilisikia baba akicheka kwa tumbo. "Ilikwenda Saint Paul na kurudi?" aliuliza. "Lete basi. Mgeni nimerudi na kiu."

Nikachukua glasi kabatini, nikamimina. Soda ilikuwa imekufa. Ute wa yai ulikataa kukaa juu, ukateremka kama uzi. Nilimpa kwa mikono miwili.

"Nani kamimina?" aliuliza.

"Mimi."

"Basi anza."

Nikanywa. Mama aligeukia sinki, mabega yakitikisika. Ilikuwa vuguvugu na tamu, na ule uzi ulipita kooni wote kwa pamoja. Nikamrudishia glasi.

"Ulijiona?" mama alimuuliza bila kugeuka.

"Nilijiona."

"Ukoje?"

Baba alifikiri. "Kijana," alisema. "Hajui lolote."

Aliinua glasi. Nilisimama nikamtazama karibu sana, bila haya, nikiangalia shingo yake iliyokonda ndani ya kola ya kanisani. Glasi ilipita kidevu ikafika mdomoni. Koo likapanda, likashuka, likapanda tena, mpaka akamaliza. Kisha akakunja uso, akaiweka glasi mezani, akaisukuma upande wangu.